Maji ya Kilindi Yanapanda

"Uji uko jikoni?"

"Uko."

"Nani anaukoroga?"

Lenah akaweka chini kichana cha ndizi. Swali hilo la tatu halikuwahi kuulizwa tangu apewe ile simu ndogo ya Tecno anayoificha kwenye soksi. Maana yake ilikuwa moja tu: mtu wetu amechukuliwa.

"Hakuna," akajibu. "Umeachwa unaungua."

"Daktari Wamuyu. Amebebwa kutoka chuoni Nchiru asubuhi hii, kwa Landikruza nyeupe. Saa tisa asipoonekana mkutanoni, meli inamwaga."

"Nani mwingine anakuja?"

"Hakuna mwingine."

Simu ikakatika. Mzee Nthiga hakuwa mtu wa kwaheri. Alikaa zake Embu mjini nyuma ya duka la mbolea na dawa ya kupe, na wakulima waliomjia na maswali ya viwavi hawakujua kwamba nyuma ya yale magunia kuna redio zinazosikia mpaka katikati ya bahari.

Hata pale Gakoromone, soko la Meru, Lenah hakujulikana. Sokoni walimjua Mama Ndizi, mwanamke wa Tigania mwenye mdomo usio na breki, ambaye nyumba yake ya Makutano haijawahi kulala bila wageni. Ukitaka kujua nani kaachwa na nani, unapitia kwake kabla ya kwenda kanisani. Lakini ule mkungu wa nyuma kabisa, asiouuza kwa bei yoyote, haukuwa wa kuliwa. Katikati ya vichana vyake palikuwa na Glock 19.

Akaupasua. Bastola ikaingia kiunoni, chini ya sweta.

"Karwirwa, niangalizie meza."

"Tena?" jirani yake akacheka. "Hiyo simu si ikuoe tu, tujue tunakula wali lini!"

Lenah hakucheka. Na Lenah asipocheka, ujue mambo yameharibika.

Subaru Forester ikatoka sokoni kwa kelele, ikitimua vumbi na matusi ya wasukuma mikokoteni. Kichwani alikuwa akipanga alichokuwa anakijua.

Meli inaitwa Asta Marit. Imetia nanga nje huko, mbali na pwani, tumbo limejaa sumu ya viwanda ambayo hakuna nchi inayoitaka. Mwenye meli ni mtu anayeitwa Rask. Anaomba kibali cha kuishusha sumu hiyo kwa mpira mrefu mpaka sakafu ya bahari, kwenye kilindi, kwa sababu anasema maji ya huko yamelala na hayataamka leo wala kesho. Kamati ya kibali inakutana saa tisa kwa video.

Mtu mmoja tu ndiye aliyepima maji hayo. Wamuyu Mbaka, binti wa Embu, mwalimu wa mambo ya bahari. Na juzi Rask alikuwa ameiambia kamati kwamba huyo mwalimu ameondoa matokeo yake mwenyewe, kwamba alikosea kupima.

Ni mdomo wa Wamuyu tu ungeweza kukana. Mdomo wake, na awe hai.

Nchiru, wanafunzi walikuwa wanapanga foleni ya chakula. Lenah hakuwauliza polisi. Hakumuuliza mwenye hosteli. Alienda moja kwa moja kwa Winfred, anayeuza chapati na maharagwe mkabala na geti, kwa sababu Winfred huona yote na kinachompita huambiwa.

"Lenah weh! Umepotea kama mshahara!"

"Winnie, leo sina muda wa kukaa."

"Wewe? Huna muda?" Winfred akaacha kugeuza chapati. "Nani amekufa?"

"Bado hajakufa. Landikruza nyeupe, asubuhi."

Winfred akainama, sauti ikashuka, macho yakawaka kwa utamu wa habari. "Si ile ya yule mzungu? Walimtoa mwalimu wakimshika hivi, kama mgonjwa. Nikasema, ala, jana alikuwa mzima. Na kuna jitu lao moja kubwa, shingo kama gogo. Jana lilikula kwangu chapati sita, likalalamika eti huko wanakolala Kiirua ndani kuna baridi kuliko nje. Nikaliuliza, nyumba gani hiyo? Likasema nyumba ya maua."

"Maua?"

"Ile shamba ya maua iliyofungwa, bwana. Ile yenye chumba cha baridi. Na usiniambie umeisikia kwangu."

Lenah alikuwa ameshawasha gari.

Njia ya Ruiri.

Mlima ukiwa kushoto, umefunikwa.

Mshale wa mwendo ukigonga mahali ambapo hakuna tena namba.

"Nimepata mahali," akaiambia hereni ya sikio la kulia. Hereni ile ilikuwa redio.

"Kikosi cha Nanyuki kinakuja," sauti ya Nthiga ikakwaruza. "Lakini helikopta haiwezi kupita kwenye mawingu ya mlima. Wanazunguka."

"Watafika saa ngapi?"

"Hawatafika saa tisa."

Shamba lilikuwa nyuma ya mashamba ya ngano, nyumba zake za nailoni zimechanika zikipigwa na upepo. Lenah akaliacha gari kwenye mikaratusi, akatambaa. Mtaro. Ukuta. Pipa la maji. Mlango wa nyuma ulikuwa hatua chache tu.

"Muga!" sauti ya mwanaume ikamsalimia kutoka upande wa pili wa nailoni.

"Muga!" Lenah akaitikia.

Akajing'ata ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Wenzake waliofunzwa pamoja naye wangekaa kimya hata wakanyagwe. Yeye alilelewa kwenye boma ambalo salamu isiyoitikiwa ni tusi, na mdomo wake ulikuwa umetangulia akili.

Mdomo wa bunduki ya MP5 ukamgusa kisogo. Jitu lenye shingo ya gogo. Glock ikachukuliwa, na simu ikatolewa soksini. Hereni ikang'olewa, ikasagwa kwa buti. Pembeni alisimama mlinzi aliyesalimia, mwanaume mwembamba wa makamo, mwenye koti la kijeshi kuukuu na rungu. Alionekana kuaibika kama mtu aliyemtega mgeni kwa chakula.

Chumba cha baridi kilikuwa kikubwa, kitupu, chenye rafu za chuma zilizokuwa za kupangia ndoo za waridi. Wamuyu alikuwa amekaa sakafuni na jicho moja limevimba. Katikati ya sakafu, makreti yalikuwa yamejazwa barafu kavu, ile nyeupe ya kusafirishia chanjo, isiyoyeyuka kuwa maji bali hufuka moshi. Moshi ulikuwa unatambaa chini kama maziwa yaliyofurika.

Rask alisimama mlangoni. Suti ya kijivu, Kiswahili cha darasani, kila silabi imepigwa pasi.

"Karibu, mama. Daktari amekataa kusema maneno matatu tu. 'Nilikosea, naomba radhi.' Basi watu watasema walimu wawili... samahani, mwalimu na mama mwenye harufu ya ndizi, walijificha humu, hewa ikawaishia. Ajali."

"Wewe mzee, huna mama?" Lenah akamuuliza.

"Nina mkutano," Rask akasema.

Mlango ukafungwa. Ulikuwa mnene kama wa benki, na dirisha dogo la kioo usawa wa macho.

Lenah akatoa kiberiti cha gesi kwenye sidiria, mahali pekee ambapo lile jitu liliona haya kupekua. Akakiwasha, akakishusha polepole. Moto ulipofika usawa wa magoti ukazimika, kama umepulizwa.

"Simama, Daktari. Simama! Hiyo ni hewa ya kaboni. Imelala chini."

Wakapanda rafu. Ya kwanza, ya pili, ya juu kabisa, migongo ikigusa dari yenye barafu. Wamuyu alikuwa anatetemeka mpaka chuma kinalia. Lenah akamkumbatia, akamfunika kwa sweta lake.

"Niambie kitu. Usilale. Hii bahari yako ina nini hata watu wauane?"

"Huwezi kuamini." Meno ya Wamuyu yaligongana. "Ni kama humu tu."

"Humu vipi?"

"Kule kwenye ncha za dunia maji hupoa sana, yakawa mazito, yakazama. Yanasambaa chini ya bahari zote, mpaka huku kwetu. Sasa kitu kizito kikishalala chini, nani atakiinua? Pasingekuwa na wa kuyakoroga, yangejaa huko, ule mzunguko mzima wa kilindi ungekaribia kusimama. Rask anataka kamati iamini hivyo."

"Na si hivyo?"

"Bahari hukorogwa. Maji yakijaa na kupwa hugonga milima iliyo huko chini, yakavurugika. Joto la juu linachanganyika na baridi ya chini, maji mazito yanakuwa mepesi kidogo, yanaanza kupanda ubavu wa mlima. Pale Rask anapotaka kumwaga pana mlima, Lenah. Nilishusha rangi ya kijani karibu na sakafu. Nikangoja. Niliikuta imekwea mlima kwa siku chache, kama mbuzi."

"Na sumu itakwea vilevile."

"Itakwea mpaka kwa samaki. Mpaka kwa sahani ya mtu."

Lenah akashusha kiberiti tena. Sasa moto ulizimika kwenye rafu ya pili. Bahari yao ilikuwa inajaa.

Kichwa kilianza kumgonga. Pumzi zikawa fupi, nyingi, zisizoshiba. Akatazama dari na kuona feni tatu kubwa, kila moja upana wa gurudumu la lori. Zilikuwa kimya.

"Tuziwashe?" akauliza. "Zivute hewa?"

"Hazivuti. Zinazungusha tu iliyomo." Wamuyu alimshika mkono kwa nguvu ambayo Lenah hakudhani bado anayo. "Zikiwaka, ya chini yote inapanda. Inachanganyika. Hatuna dakika mbili."

Uso wa Rask ukatokea kwenye kioo. Aliwatazama pale juu, akatabasamu kama mwalimu aliyeona mwanafunzi amepata nusu ya hesabu. Sauti yake ilipita kwenye mpira wa mlango, ndogo lakini safi.

"Muthengi. Nikishaingia ofisini, washa feni. Ile swichi nyekundu."

Hatua zikaondoka.

Kwenye kioo akabaki yule mlinzi mwembamba. Mkono wake ulikuwa unainuka kuelekea ukutani.

Lenah akaruka chini. Akaingia kwenye ile kaboni akiwa amebana pumzi, akavuka sakafu, akajivuta kwenye kitasa kikubwa cha mlango na kupandisha uso mpaka kwenye kioo. Hapo juu pana hewa kidogo. Kidogo sana.

"Muthengi! Wewe ni wa wapi?"

Mkono ukasita. Mtu akiulizwa hivyo huku kwetu, hata kama ameshika panga, hujibu.

"Tharaka. Gatunga."

"Nyumba gani?"

Akautaja ukoo wake.

Lenah akaona giza, akaona nyota, akakumbuka kitanda cha bibi yake kule Tigania na majina ya koo ambayo watoto walikaririshwa kabla ya kuruhusiwa kula. Ukoo huo ulikuwamo.

"Na mimi," akasema, akautaja wake.

Muthengi akasogeza uso karibu na kioo.

Wa Meru na wa Tharaka hawahitaji kuelezwa, lakini wewe wa mbali sikiliza. Kuna koo zilizokula kiapo enzi za mababu, zikawa gichiaro. Mtu wa gichiaro si ndugu. Ni zaidi ya ndugu, maana ndugu unaweza kumnyima. Wa gichiaro akikuomba shati ulilovaa, unavua. Ukimwaga damu yake, unaimwaga ya watoto wako. Rask alipoajiri mlinzi kutoka mbali alijiona mjanja, mtu asiyejua mtu yeyote Kiirua. Hakujua kwamba mtu wa mbali kabisa ndiye mwenye kiapo kirefu kabisa.

"Unadanganya," Muthengi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba iwe hivyo.

"Kwa hilo? Nani anadanganya kwa hilo?" Pumzi ilikuwa inakatika. "Nakuomba kwa gichiaro. Usiwashe feni."

Mkono wa Muthengi ukashuka kutoka kwenye swichi kana kwamba umeungua.

"Wataniua," akasema.

"Nakuomba tena. Fungua."

"Mama, unanimaliza!"

"Najua. Fungua."

Vidole vya Lenah vikateleza kwenye kitasa. Akaanguka. Kaboni ikamfunika kama blanketi, na kitu cha mwisho alichowaza kilikuwa cha kipuuzi: nani atawapikia wageni walioko nyumbani.

Kisha mwanga. Kisha mikono ikimburuta kwa makwapa kwenye korido, na hewa ya Kiirua, hewa ya ngano na samadi, tamu kuliko asali. Alitapika. Muthengi alikuwa amesharudi ndani akiwa amefunga skafu mdomoni, naye akatoka na Wamuyu begani kama gunia la viazi.

Midomo ya Daktari ilikuwa ya buluu.

"Saa ngapi?" Lenah akakohoa.

"Wameshaanza," Muthengi akajibu. "Yuko ofisini, anaongea na televisheni. Lile jitu liko mlangoni."

"Liite."

"Ni ombi hilo?"

"Ni ombi."

Muthengi akaguna, akapiga hatua hadi kwenye kona. "Boss! Kuja uone, huyu mwanamke anatapika damu!"

Jitu likaja, MP5 ikining'inia. Lenah alikuwa nyuma ya kona na mtungi wa kuzimia moto. Aliuzungusha kwa mikono miwili, kwa mabega yaliyopandisha mikungu ya ndizi kwenye malori kila alfajiri. Shingo ya gogo ikapinda. Jitu likaenda chini bila kusema neno.

Akachukua MP5. Kichwa kilikuwa kinapasuka. Akajishikiza ukutani hadi mlango wa ofisi.

Ofisini, Rask alikuwa amekaa mbele ya laptopu, mgongo umenyooka. Kwenye skrini nyuso za kamati zimepangwa kama picha za pasipoti.

"...yamelala, waheshimiwa. Hata huyo daktari mwenyewe amekubali. Kilindi ni kaburi, na kaburi halirudishi kitu."

Akamwona Lenah kwenye kona ambayo kamera haifiki. Akaona MP5 imelenga goti lake. Glock ya Lenah ilikuwa kwenye meza pamoja na simu yake ndogo, karibu na kikombe cha kahawa cha Rask, kiasi cha kunyoosha kidole.

Hakunyoosha. Kamera ilikuwa inamtazama.

"Bwana Rask?" mwenyekiti akaita, mama mwenye miwani. "Umeganda au ni mtandao?"

Lenah akamwashiria kwa kidevu: toka kwenye kiti.

Rask akamtazama Lenah, akatazama skrini. Halafu mkono wake ukaruka, si kwa bastola, kwa kifuniko cha laptopu.

Risasi moja. Mguu wa kiti ukakatika, Rask akaenda chini na kahawa yake. Lenah akamrukia, akamkalia mgongoni kama kigoda cha jikoni, akamkandamiza uso kwenye zulia.

"Nini hicho?" wanakamati walipiga kelele. "Nini kimelia hapo?"

Wamuyu alikuwa mlangoni, ameshikilia ukuta. Alivuka chumba akijishikiza kwa kabati, kwa meza, kwa hewa. Kiti kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo akapiga magoti mbele ya skrini kama mtu anayesali.

"Naitwa Wamuyu Mbaka," akasema. Kila neno lilitoka na pumzi yake nzima. "Sijaondoa kitu. Hata neno moja."

Kwenye skrini, nyuso zikasogea karibu.

"Maji yale hayajalala. Yanakorogwa na mlima, yanapanda. Hilo ndilo linalozungusha bahari yote. Lisingekuwapo, nisingekuwa na kazi. Chochote mtakachokiweka pale chini kitakuja juu. Watoto wenu watakila." Akakohoa mpaka paji la uso likagonga meza. "Sasa nipigieni kura mkiniangalia usoni."

Mwenyekiti alivua miwani. Hakuuliza mengine.

"Kibali kimekataliwa," akasema. "Mtu awaite wanamaji. Sasa hivi."

Simu ndogo ikalia pale mezani, Wamuyu akaisukuma. Lenah akaipokea bila kushuka mgongoni mwa Rask.

"Nimesikia mkutano," Nthiga akasema. "Wanamaji walikuwa wakingoja karibu na meli, sasa wako sitahani. Pampu zimezimwa."

"Zimezimwa? Zilikuwa zinaenda?"

Nthiga akakohoa. Mara ya kwanza Lenah kumsikia mzee yule akitafuta maneno.

"Hawakungoja kura. Kiasi fulani kimeshashuka. Hakuna anayejua ni kiasi gani."

Wamuyu alisikia. Alifumba jicho lake moja zima, na kwa muda Lenah alidhani amezimia. Kisha akalifumbua.

"Najua mlima itakaoukwea," akasema polepole. "Na upande. Nipeni chombo niende nikaingoje. Nikiwahi, watu wataambiwa wasivue pale."

"Utapewa, Daktari," Lenah akasema. Hakujua kama ni kweli. Alisema hivyo kwa sababu mtu aliyepiga magoti hawezi kuambiwa kingine.

Helikopta ilianza kusikika kutoka upande wa Nanyuki, ikiwa imechelewa kama kawaida ya helikopta. Lenah akamfunga Rask mikono kwa tai yake mwenyewe ya hariri, fundo la kufungia mbuzi wa sherehe. Akaokota Glock yake. Akajifuta kahawa.

Muthengi alikuwa nje ameegemea ukuta, rungu liko miguuni, koti la kijeshi limelowa jasho.

"Mama," akasema. "Umeniomba mara tatu. Sikukunyima."

"Hukuninyima."

"Na mimi naomba moja." Akatazama angani. "Watu wako wakishuka hapo, nisiwepo. Nina mke Gatunga, na mbuzi wangu hawajui mtu mwingine."

Lenah akamtazama. Huyu ndiye aliyemsalimia ili akamatwe. Huyu ndiye aliyekuwa anainua mkono kwenye swichi. Kiapo cha kazi kilimtaka amlaze kifudifudi kando ya Rask. Alikila Nairobi, ameshika bendera, mbele ya watu wenye nyota mabegani.

Kile kingine alikila kabla hajazaliwa.

"Pitia kwenye ngano," akasema. "Usikimbie. Anayekimbia huonekana."

Muthengi akainamisha kichwa, akaokota rungu lake, akaingia kwenye ngano. Mabua yakajifunga nyuma yake.

Simu tena.

"Rubani anasema ameona mtu nje ya jengo," Nthiga akasema. "Umesema wako wawili, Rask na lile jitu. Wa tatu ni nani?"

Upepo wa helikopta ulikuwa umeshaanza kulaza ngano.

"Wa tatu ni mimi, mzee," Lenah akajibu, akairudisha simu soksini na kutembea polepole kuelekea kwenye mikaratusi alikoacha gari, bila kugeuka.